Miezi Miwili ya Kuchagua Kamera, Siku Mbili za Kumfikia Koko

Mmeniuliza kwenye kikundi, mmeniuliza nje ya kanisa, na jana mmoja wenu alinifuata mpaka dukani nikiwa namjaribisha mteja miwani. Kila mmoja nilimpa kipande cha habari, na naona vipande hivyo mmeviunga vibaya, maana nimeanza kusikia kwamba nilimzika bibi yangu akiwa hai. Sikumzika. Nilimlilia, tena kwa dakika chache tu. Basi nimeamua kuandika safari nzima, kituo kwa kituo, ili kama kuna chumvi ya kuongeza niiongeze mwenyewe.

Sekei: safari inakataa kuanza

Kwa wasiomjua, Koko ni mama yake baba yangu. Sisi Waarusha ndivyo tunavyowaita bibi zetu. Mimi nakaa Sekei, mjini Arusha; yeye anakaa peke yake upande wa magharibi wa Mlima Meru, juu ya Oldonyo Sambu, akiwa na ng'ombe watatu na maoni juu ya kila mtu. Siku moja alinipigia simu akiwa ametoka kumzika rafiki yake wa tangu usichana. Kwenye mazishi hayo, mjukuu aliyetangulia mbele ya jeneza alibeba picha iliyokuzwa kutoka kwenye kitambulisho. Mnazijua picha hizo. Mtu kasimamishwa ukutani, kaambiwa avue kilemba, kaambiwa asitabasamu, na uso unatoka wa mtu aliyekamatwa na mbuzi wa watu.

"Naserian," akaniambia, "watu walikuwa wanaulizana huyu ni nani. Na jeneza liko hapo hapo mbele yao."

"Pole, Koko."

"Usinipe pole. Njoo unipige picha kabla hawajanitoa na ile yangu ya kitambulisho. Na uje na kamera. Simu sitaki. Picha ikiingia kwenye simu haitoki."

Nikamwahidi wiki ile ile. Nilikuwa na nia kabisa. Kosa langu ni kwamba kabla ya kuondoka niliuliza kwenye kikundi ninunue kamera gani, na hapo ndipo mlipoingia ninyi.

Nilichotaka kilikuwa kidogo: kamera ya kusafiri nayo na ya matumizi ya kila siku, iingie mfukoni, isinivunje shingo. Mmoja wenu akaandika kwamba ukubwa wa kamera si kitu, kitu ni sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Mwingine akasema sensa si kitu, kitu ni lenzi. Wa tatu akasema tusubiri, toleo jipya linakuja. Mpaka leo huyo bado anasubiri, na sahani za chipsi anazipiga picha kwa simu iliyopasuka kioo. Na mimi nauza miwani, kwa hiyo nikajiona najua habari za lenzi kuliko ninyi nyote. Jioni nikawa nakaa na daftari naandika uzito wa kila kamera iliyotajwa, kisha naweka maparachichi kwenye mizani ya jikoni mpaka yafikie uzito huo, nayatia kwenye mfuko wa koti na kutembea nayo sebuleni. Mume wangu alinitazama siku nne. Ya tano akala zile kamera mbili zilizokuwa zimeiva.

Halafu nikapata nadharia. Niliona kwamba mtu mwenye kamera kubwa akifika mahali, watu wanakakamaa au wanakimbia. Mwenye kamera ndogo wanamwona wa kwao, wanamfungulia moyo, wanamkaribisha chakula. Niliieleza nadharia hii kwa kila aliyekubali kusikiliza. Naomba muikumbuke vizuri mnapoendelea kusoma, kwa sababu iliniaibisha.

Koko alikuwa ananipigia kila Jumapili akitoka ibadani.

"Bado unachagua?"

"Bado kidogo, Koko."

"Mbona mume ulimchagua kwa wiki tatu?"

"Ndiyo maana safari hii sitaki haraka."

Alicheka, na mimi nikachukua kicheko chake kama ruhusa. Ikapita miezi miwili. Mwisho nikaamua: kamera ndogo yenye lenzi moja isiyovuta wala kusogeza. Ukitaka mtu awe karibu kwenye picha, unatembea mwenyewe mpaka umfikie. Ina gramu mia tatu na kidogo, parachichi moja la wastani.

Elerai: kwa mtu mwenye lenzi ndefu

Kamera yenyewe ilikuwa kwa Mzee Temba, Mchaga aliyeongoza watalii mpaka mgongo ukamkatalia, na sasa anauza vifaa vyake kimoja kimoja. Nilipanga kuichukua saa mbili asubuhi mlangoni kwake, bila kukaa, ili saa nne niwe njiani kwenda kwa Koko. Mtu aliyewahi kuingia nyumba ya Mchaga asubuhi na kutoka bila kukaa anisimulie alivyofanya.

Nilikalishwa. Mke wake akaniletea bakuli la mtori wa ndizi, na nilipolimaliza akalijaza tena bila kuniuliza. Mzee Temba akaniletea kwanza kamera yake mwenyewe, ambayo haiuzi, yenye lenzi ya urefu wa mkono wangu. Aliipakata. Ilikuwa na kitambaa chake na begi lake.

"Na hii ndogo ni ya mtoto?" akaniuliza, akiisukuma ile yangu mezani kwa kidole.

"Ni yangu, mzee."

"Kwa hii, simba ukitaka kumpiga itabidi umwombe asogee."

"Nakwenda kumpiga picha bibi yangu."

"Yuko umbali gani?"

"Nitakuwa nimekaa naye."

Akanitazama kwa huruma. Akasema kazi yangu itaharibika, kwa sababu mtu hawezi kukuheshimu ukiwa na kitu cha ukubwa wa sabuni. Kwenye harusi, akasema, hawatakupa hata soda. Hata hivyo hakukubali niondoke bila mafunzo. Alinipeleka uani akanifundisha mwanga kwa kutumia kuku, kisha akanifundisha kivuli kwa kutumia mgomba, kisha akamwita mke wake asimame kwenye mgomba ili nione tofauti. Mke wake alisimama ameshika mwiko, kwa uvumilivu wa mtu aliyesimamishwa hapo mara nyingi katika maisha yake. Ilipofika saa saba nilikuwa na picha arobaini za kuku na tumbo limejaa ndizi.

Nikiwa bado getini kwake simu ikalia. Koko alikuwa anapiga kutoka dukani, simu yake inapochajiwa.

"Umeshapata?"

"Nimeipata, Koko. Ni nyepesi sana. Nakuja sasa hivi."

"Pitia Nduruma kwa shangazi yako. Gauni langu la bluu liko huko tangu Krismasi. Bila hilo gauni sikai mbele ya mtu."

Wenyeji mnajua maana yake. Koko yuko magharibi na Nduruma iko upande mwingine kabisa, chini huko kwenye mashamba. Nilitaka kumwambia kwamba picha itaonyesha mabega tu na shingo. Lakini nilikuwa nimemcheleweshea miezi miwili, nikaona sina mdomo wa kubishana.

Nduruma: gauni, na vyote vilivyofuatana nalo

Shangazi Miriam nilimkuta shambani, ameinama kwenye maharage. Nilimpa shikamoo, akaniitikia bila kunyanyuka, nami nikaona hapo ndipo pa kujaribu nadharia yangu. Nikatoa kamera.

"Ni nini hicho?"

"Kamera, Shangazi."

"Mimi nikadhani kopo la mafuta ya kujipaka." Akaendelea kupalilia.

Nilifurahi sana. Hakukakamaa, hakukimbia, hakutengeneza kitambaa chake. Nikampiga picha ishirini. Usiku nilizitazama zote kitandani, nikaona kwamba kwa kweli hakujali kamera hata kidogo, na ndiyo sababu nina picha ishirini za makalio ya Shangazi Miriam.

Kulala huko hakukuwa uamuzi wangu. Gauni lilikuwa limewekwa pindo jipya lakini halijapigwa pasi, na pasi ni ya mkaa, na mkaa ulikuwa unapika makande. Makande hayana haraka. Tulikula kwa parachichi, ambalo kwa mazoea nililipima kwa mkono kabla ya kulikata. Asubuhi gauni likatoka: bluu, kola nyeupe ya lesi, lile alilovaa harusi ya kitindamimba wake. Shangazi akaliweka kwenye hanga na kulifunika kwa plastiki ili lisikunjike. Kisha akaniletea maboga mawili ya Koko. Kisha jogoo.

"Shangazi, nimechagua kamera ndogo ili nisafiri mwepesi."

"Na umefanya vizuri. Ungepata wapi mkono wa kushika jogoo?"

Tukajaribu kumpigia Koko, hakupatikana. Hatukushtuka. Simu yake hulala dukani siku mbili kwa wiki, inachajiwa na kupumzika kuliko yeye mwenyewe.

Ngaramtoni: kamera inafungua mioyo ya watu

Mjini nilipata gari dogo la abiria, Noah ya kwenda Oldonyo Sambu, na ndani yake nikamkuta Mama Lazaro, jirani wa Koko, anayekaa chini yake kidogo mlimani. Nilifurahi kuona mtu wa nyumbani. Nilimsalimia, akaniitikia, macho yake yakiwa kwenye hanga.

"Hilo gauni la nani?"

"La Koko. Nampelekea alivae."

"Ni la sikukuu."

"Ndiyo. Na hii ni kamera. Nakwenda kumpiga picha ya kuweka msibani."

Mama Lazaro alinishika mkono. "Nani alikupigia simu uende?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe," akarudia polepole. "Na leo umeongea naye?"

"Leo hapatikani. Lakini ni mzima, jana tu tumeongea."

"Ni mzima," akasema. "Ni mzima, mwanangu. Mungu ni mwema."

Hapa nisimame niwaeleze jambo ambalo ninyi mnalijua na mimi nalijua, na bado lilinipita. Kwetu mtu haambiwi habari ya kifo akiwa njiani. Anaambiwa mgonjwa kazidiwa kidogo, njoo. Anaambiwa hali si nzuri sana, usijali, njoo tu. Wote waliomo garini watakuwa wanajua isipokuwa yeye, na wote watamdanganya kwa upole mpaka afikishwe nyumbani, akalie kati ya watu wake. Tumelelewa hivyo. Sasa mtazameni mjukuu anayekwenda kwa bibi yake siku ya kazi, na gauni bora la bibi kwenye plastiki, na jogoo, na kamera ya picha ya msiba, na simu ya bibi haipatikani, naye anasema kwa furaha kwamba bibi ni mzima. Mama Lazaro hakuhitaji kuambiwa zaidi. Aliyebaki gizani ni mimi.

Basi nadharia yangu ikaanza kufanya kazi kwa namna ambayo hata mimi sikuitarajia. Mama Lazaro alimnong'oneza dereva jambo kwa Kimaasai, na dereva akazima muziki. Bwana mmoja mnene aliyekuwa kiti cha mbele akateremka mwenyewe akaniachia. Tulipofika Ngaramtoni tairi likaisha upepo, tukakaa pale karibu saa mbili, na katika saa hizo mbili nililetewa soda, nikaletewa hindi la kuchoma, na mama nisiyemjua akanifunika khanga mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Yule bwana mnene alimbeba jogoo wangu muda wote, amemshika kwa mikono miwili, kwa adabu. Nilipotoa kamera hakuna aliyekataa. Waliniangalia moja kwa moja kwenye lenzi, kwa macho laini ambayo mpiga picha anaweza kuyatafuta maisha yake yote.

Nikamkumbuka Mzee Temba na soda ya harusi. Nikatoa daftari nikaandika, na bado ninalo, mwandiko wangu huu huu: *Kamera ndogo, watu wanakuwa ndugu.* Wakati naandika hivyo, Mama Lazaro alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, amenipa mgongo, anaongea na simu.

Kupanda kwa miguu

Gari lilituacha barabarani, na kutoka hapo ni mwendo wa saa nzima kupanda. Mama Lazaro alikataa kata kata nisiende peke yangu. Akajitwisha maboga yangu yote mawili, nikabaki na gauni, jogoo, na lile parachichi langu la gramu mia tatu shingoni. Mashamba yalikuwa makavu, mabua yamesimama, na punda walikuwa wanateremka na madumu matupu. Meru ilikuwa wazi mpaka juu. Nikawa naisifu njia nzima, na Mama Lazaro ananiitikia "ndiyo, mwanangu" kwa kila kitu.

Tukakutana na mzee anayeteremka. Akavua kofia.

"Pole," akaniambia.

"Pole ya nini, mzee?"

Akamtazama Mama Lazaro. "Ya safari," akasema, akapita.

Wa pili naye akanipa pole ya safari. Wa tatu, mwanamke, alikuwa anapanda kama sisi, na kichwani kwake kulikuwa na sufuria kubwa, ile ya kupikia watu wengi. Nyuma yake walikuja vijana wawili wamebeba benchi. Nilisoma maandishi ya rangi nyeupe ubavuni mwa benchi, nikaona ni benchi la usharika, la kanisani kwa Koko.

Hapo nikasimama. Nilimtazama Mama Lazaro, naye akanitazama na maboga yake kichwani. Soda, khanga, kiti cha mbele, vyote nikavielewa kwa mara moja. Koko alikuwa amekufa, na njia nzima walikuwa wananificha.

Sitawaambia kwamba nilimlilia Koko kwanza. Nilichofikiria kwanza ni maparachichi. Niliona ile mizani, na mimi mwanamke mzima natembea sebuleni na matunda mfukoni, jioni baada ya jioni, huku mtu mmoja tu duniani ameniomba kitu kimoja. Angeridhika na kamera yoyote. Hata ya kuazima. Ningeweza kufika wiki ile ile, kama nilivyosema. Sasa watamtoa na ile picha ya kitambulisho, na watu wataulizana huyu ni nani, na mimi nitakuwa nimesimama pale na kamera nzuri shingoni. Niliona aibu kubwa kuliko huzuni. Miguu ilikwenda kwa sababu Mama Lazaro alikuwa ananivuta.

Uani kwa Koko

Mlango wa Koko ulikuwa na kufuli. Ng'ombe walikuwa zizini, saa ambayo kwa kawaida wako malishoni. Mabenchi yalikuwa yamepangwa, moto umewashwa, na wanawake walikuwa wameshaanza kumenya ndizi. Niliketishwa katikati, nikalia na gauni mapajani, na kila mtu akafarijika kuona kwamba hatimaye nimejua. Mzee Lomnyaki, mzee wa kanisa, alikuwa amesimama anasema maneno machache, ambayo kwake ni maneno mengi. Alisema marehemu alikuwa mama wa wote. Alisema nyumba hii ilikuwa kimbilio.

Ndipo tukasikia sauti kutoka korongoni.

"Nani anachoma kuni zangu?"

Koko alipanda kutoka kwenye korongo, fimbo mkononi, kichwa kimenyolewa upya kinang'aa kwa mafuta. Alikuwa ng'ambo tangu alfajiri kwa rafiki yake anayemnyoa, kwa ajili ya picha, na wakishakutana hao wawili hawaachani kabla ya jua kuwa kichwani. Alisimama mbele ya mabenchi. Wanawake waliacha visu hewani.

"Nani amekufa?" akauliza.

Watu wote wakamtazama Mzee Lomnyaki, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amesimama. Maskini, alikuwa na maneno ya aina moja tu kwa hali kama hiyo, na yalimtoka yenyewe.

"Mama," akasema kwa upole, "hali si nzuri sana."

"Hali ya nani?"

"Yako."

Mimi nilikuwa nimeshainuka. Nilikwenda mpaka alipo nikainamisha kichwa kama mtoto, kwa sababu sikujua la kufanya na uso wangu, naye akaniwekea kiganja utosini.

"Takwenya," akanisalimia.

"Iko," nikaitika, na nikalia zaidi kuliko nilivyolia mwanzo.

Ilichukua muda kuelewana. Mama Lazaro alieleza habari ya gauni, nikaeleza habari ya Shangazi, mtu akaeleza habari ya simu ya Mama Lazaro na ya kufuli mlangoni. Wengine walianza kuinua mabenchi kwa aibu, lakini Koko akapiga fimbo chini akawaambia waketi. Ndizi zimeshamenywa, akasema, na kuni zimeshaungua. Kisha akakaa benchi la mbele kabisa, akaweka mikono juu ya fimbo yake.

"Lomnyaki. Ulikuwa unasema."

"Nilikuwa nimemaliza, mama."

"Mimi sikuwepo. Anza mwanzo."

Akaanza mwanzo. Kusifu mtu aliyekukalia mbele ni kazi, na jasho lilimtoka. Alirudia mama wa wote, akarudia kimbilio, Koko akawa anatikisa kichwa kukubali, kama mwalimu anayesikiliza mtoto akisoma. Kisha kwa kukosa la kuongeza, Mzee Lomnyaki akasema marehemu hakuwahi kukwaruzana na jirani hata siku moja. Kila mtu pale anajua kwamba punda wa Lomnyaki walikula mahindi ya Koko, na kwamba kwa miaka yote tangu hapo wawili hawa wamekuwa wakisalimiana kanisani kwa lazima ya Injili tu. Koko alimtazama. Lomnyaki akatazama chini. Na Koko akaanza kucheka, kwanza mabega, halafu tumbo, halafu mdomo ukafunguka wote na meno yake manne yakaonekana, na machozi yakamshuka.

Kamera ilikuwa shingoni. Nilibonyeza mara moja tu. Alikuwa karibu nami kiasi kwamba sikuhitaji kusogea.

Baadaye, tukiwa tumeshakula ndizi pamoja na yule jogoo, alivaa gauni la bluu tukampigia picha rasmi. Tulimtolea kiti, tukatundika shuka jeupe ukutani. Alikaza shingo. Alifunga mdomo. Nilimwomba alegeze uso, akaukaza zaidi. Nilipiga picha thelathini, na katika zote thelathini alikuwa yule yule mtu aliyekamatwa na mbuzi, isipokuwa sasa amevaa vizuri.

Nikamvisha miwani ya kusomea niliyomletea kutoka dukani, nikakaa naye kitandani, nikamwonyesha kwenye kile kioo kidogo cha nyuma. Zile thelathini alizipitia moja moja bila haraka. Akachagua ya saba.

"Hii ndiyo ya msiba."

"Koko, mbona hii ni kama ile ya kitambulisho?"

"Ile sina kola. Hii nina kola." Akaitazama tena, ameridhika. "Nataka wakiingia wanyamaze."

Nikamwonyesha ile moja ya kicheko. Aliisogeza karibu na macho, akaishusha, akaisogeza tena. Alikaa nayo muda mrefu kuliko zile thelathini zote.

"Hii usiwape," akasema. "Watu wamekuja kuzika, mtu wa kwenye picha anawacheka? Kaa nayo wewe."

"Nikae nayo ya nini?"

"Leo umelia, nikatokea. Siku nyingine utalia, sitatokea. Siku hiyo ndiyo uiangalie."

Akavua miwani, akaikunja, akaiweka chini ya mto wake. Ile ya saba nimeshaisafisha na kuitia fremu kubwa, na wiki iliyopita nimempelekea, ameitundika sebuleni na wageni wanakaa wima. Ile nyingine imo bado ndani ya kamera. Sijaifungua tangu siku ile, na ninyi msiniombe niwaonyeshe.